Alikuwa Anakula Vizuri

Asubuhi ile mbwa wangu Jabali alikuja kunisalimu kama kawaida yake, mkia ukipiga huku na huku, lakini shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba chini tu ya jicho. Uvimbe ulikuwa wa ukubwa wa nusu ndimu. Nikadhani ameumwa na nyuki. Nilimpapasa taratibu, hakulia wala hakuvuta kichwa. Nikamwekea chakula, akala chote, akalamba na bakuli mpaka likasogea kutoka mahali pake. Nikajituliza: anayekula hivi hawezi kuwa na shida kubwa, acha tusubiri mpaka kesho.

Kesho yake uvimbe ulipasuka wenyewe. Usaha uliochanganyika na damu ulimchuruzika mpaka kwenye pembe ya mdomo, na harufu yake ikajaa chumba kizima. Hapo ndipo nilipompeleka kwa daktari wa wanyama.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, mwenye mikono isiyo na haraka. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akapiga magoti mbele ya Jabali kana kwamba wanajuana siku nyingi. Hakuugusa uvimbe. Alimshika taya, akauinua mdomo wa juu kwa kidole gumba kama mtu anayefunua pazia, akaniita: "Njoo uone hapa." Niliona lile jino kubwa la juu, upande wa nyuma, limebanduka ubapa mzima wa nje, mfano wa lipu iliyobanduka ukutani. Katikati ya pale palipobanduka palikuwa na kitone cheusi.

"Hiki ni kiini cha jino," akasema. "Hapa ndipo ugonjwa ulipoingilia. Na jino hili halikuvunjika juzi. Lina miezi."

"Lakini alikuwa anakula vizuri, daktari."

Aliuachia mdomo wa Jabali, akanitazama. "Mwanangu, mnyama akila si kwa sababu haumwi. Anakula kwa sababu ana njaa."

Miaka imepita tangu siku ile, na nimeishi na mbwa wawili na paka mmoja ambao vinywa vyao vimenifundisha mengi. Lakini karibu kila kosa nililolifanya lilianzia hapo: niliufanya ulaji wao kuwa shahidi wangu, na shahidi huyo alinidanganya kila mara.

Jino lile nimezoea kuliita jino la mkasi, kwa sababu likikutana na mwenzake wa chini hukata kama makali mawili ya mkasi. Mbwa mzima ana meno 42, na hili ni kati ya makubwa kuliko yote. Lina mizizi mitatu, na mizizi hiyo inafika juu kabisa, karibu na mfupa ulio chini ya jicho. Jino likivunjika mpaka kiini kikawa wazi, vijidudu hupenya mpaka kwenye mizizi, kiini kinakufa, na usaha unakusanyika kwenye ncha za mizizi mpaka utafute pa kutokea. Ndiyo maana mwenye mbwa huona uvimbe chini ya jicho na kufikiri habari ya jicho au ya mdudu. Dawa za kuua vijidudu zinaweza kuushusha uvimbe kwa wiki kadhaa, kisha unarudi palepale, kwa kuwa jino bovu bado limo. Tiba ni mbili tu: kuling'oa, au kuusafisha mzizi na kuuziba kama wanavyofanyiwa watu.

Daktari aliniuliza Jabali anatafuna nini. Nikamtajia mifupa, mifupa mikubwa ya miguu, niliyokuwa nampa nikijua kabisa kwamba namtendea wema, tena nikiamini inamsafisha meno. Akanionyesha kipimo ambacho nimekitumia tangu siku ile. Bonyeza kitu kwa ukucha wa kidole gumba. Kama ukucha hauachi alama, kitu hicho ni kigumu kupita kiasi kwa meno ya mbwa. Mifupa hushindwa kipimo hiki, pembe na kwato hushindwa, barafu na mawe vivyo hivyo. Mbwa anayetafuna vitu hivyo haonyeshi nguvu za meno yake; anayahatarisha. Hata mipira ya tenisi, ambayo ni laini mkononi, ina manyoya yanayoshika mchanga na kusugua meno kama msasa, mpaka chonge zinabaki butu.

Jabali alikuwa na miaka 9 wakati huo, na nilipoambiwa atalazwa kwa nusukaputi nilikataa kwanza. Niliogopa hatazinduka. Nadhani hofu hiyo ndiyo inayoviacha vinywa vingi vioze. Daktari hakunibeza. Alinieleza hatua kwa hatua: atatoa damu apime figo na ini kabla ya kitu chochote, atamwekea maji ya mshipani, atapitisha mpira kwenye koo la hewa, ambao kazi yake si kupumua tu bali pia kuzuia maji na uchafu wa meno visiingie mapafuni, na mtu mwingine atakaa akiangalia mapigo ya moyo, pumzi na joto la mwili mwanzo mpaka mwisho. "Uzee si ugonjwa," akasema. "Nitauangalia moyo wake na figo zake, sitahesabu miaka." Nikakubali.

Hapo sina budi kueleza jambo ambalo linaniuma mpaka leo. Miaka miwili kabla ya uvimbe, nilikuwa nimempeleka Jabali mahali wanapoogesha na kunyoa mbwa, na wakajitolea kumkwangua meno akiwa macho, bila dawa yoyote. Walimbana kichwa, wakakwangua kwa chuma, na alitoka na meno meupe. Mimi niliondoka na furaha. Kwa miaka miwili kila mara nilipomtazama meno nilisema: safi.

Daktari alipomlaza alimpiga eksirei ya kinywa kizima, na alipomaliza aliniwekea picha mbele yangu. Meno yaleyale meupe yalikuwa yamesimama juu ya mfupa uliolika. Alipokuwa akipima, alikuwa ameingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya ufizi na jino. Kwa mbwa mwenye afya kijiti hicho hakipaswi kuzama zaidi ya milimita 3. Kwa Jabali, nyuma ya chonge moja, kilizama milimita 7. Ugonjwa wa fizi hauishi juu ya jino ambako jicho linaona. Unaishi chini ya ufizi, na huko hakuna chuma kitakachofika mbwa akiwa macho, maana kunauma na hakuna mnyama atakayetulia. Zaidi ya hapo, kukwangua bila kulainisha jino baadaye huliachia mikwaruzo midogo ambayo uchafu mpya hushikilia vizuri zaidi kuliko mwanzo. Chuo cha madaktari bingwa wa meno ya wanyama cha Marekani kinapinga waziwazi usafishaji wa namna hiyo, na mimi nimeona sababu kwa macho yangu.

Kwa hiyo nilikuwa na mashahidi wawili wa uongo: anakula vizuri, na meno yake ni meupe.

Aling'olewa meno manne. Siku ile jioni alirudi nyumbani akiyumba kidogo, akalala. Kesho yake alikula chakula laini kama vile hakuna kilichotokea. Nyuzi zilikuwa za kuyeyuka zenyewe. Niliambiwa nimpe chakula laini kwa wiki mbili, nisimpe kitu cha kutafuna wala cha kuvutana, na nimpe dawa ya maumivu kwa saa nilizoandikiwa, hata akionekana mzima.

Siku ya sita nilikuwa nimekaa nikisoma. Nikasikia kitu kikianguka miguuni pangu. Ilikuwa kamba yake ya kuvutania, ile ya mafundo. Alikuwa ameitoa mwenyewe chini ya kochi, imejaa vumbi. Alisimama mbele yangu akisubiri, macho yake yakienda kwenye kamba na kurudi kwangu. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho tulipoivuta ile kamba. Nikashindwa. Alikuwa ameiacha polepole, na mimi nilikuwa nimejiambia kwamba amezeeka, ametulia, hana tena mambo ya utoto. Haukuwa uzee. Ilikuwa ni jino. Sikuweza kuivuta naye siku ile, kwa kuwa nyuzi zilikuwa bado hazijapona, lakini nilikaa naye sakafuni muda mrefu, kamba ikiwa katikati yetu.

Baada ya hapo nilitaka kujua uchafu unakujaje, ili niuzuie. Kumbe mambo yenyewe ni mepesi kueleweka. Kila siku juu ya jino hutanda utando laini wa vijidudu, ule tunaouita ukoga. Ukiusugua siku hiyohiyo unatoka bila shida. Ukiuacha, madini yaliyomo kwenye mate huanza kuufanya mgumu, na ndani ya siku mbili tatu hivi unakuwa ugaga, ganda la njano au la kahawia ambalo mswaki hauliwezi tena. Juu ya ganda hilo ukoga mpya hujishikiza kwa urahisi, na vijidudu husogea chini ya ufizi. Ufizi ukiwa mwekundu tu, bado mtu anaweza kuurudisha katika hali yake. Mfupa ukishalika, haurudi. Tena mate ya mbwa, ambayo hayana uchachu kama yetu, humpa mbwa ugaga mwingi na matundu machache: meno ya mbwa hayaozi sana kama ya watu, ila hulegezwa shina. Na mambo haya huanza mapema. Mbwa na paka wengi, wakifika miaka 3 tu, tayari wana dalili fulani za ugonjwa wa fizi.

Nikafahamu pia kwa nini ugaga wa Jabali ulikuwa mzito zaidi upande wa juu nyuma. Mfereji mmojawapo mkubwa wa mate unamwaga palepale, kando ya jino la mkasi. Madini yanafika hapo kwanza. Ukiwa na nusu dakika tu ya kumsugua mnyama meno, anzia hapo.

Fizi zilipopona, nilianza kumfundisha mswaki. Nitasimulia hili kwa kirefu, maana watu wengi hujaribu siku moja, mnyama akakataa, wakaacha. Na mimi siku ya kwanza nilikosea vivyo hivyo: nilimshika kichwa, nikamtia mswaki mdomoni, akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Daktari akaniambia nisahau mswaki kwa mwezi mzima.

Wiki ya kwanza sikufanya lolote ila kuinua mdomo. Nakaa ubavuni pake, si mbele yake, kwa kuwa mtu aliyemwinamia kutoka mbele humtisha. Nainua mdomo upande mmoja, nahesabu mbili, naachia, nampa kitu kizuri na maneno ya kumsifu. Mara tatu tu, basi. Wiki ya pili nilipaka dawa ya meno ya wanyama kwenye kidole changu nikaacha ailambe, kisha nikapitisha kidole hichohicho juu ya chonge. Wiki ya tatu nilizungushia kidole kitambaa laini cha shashi nikasugua kidogo kidogo, nikirudi nyuma zaidi kila siku. Wiki ya nne ndipo nilipoleta mswaki wenyewe, mdogo wa nywele laini, na siku ya kwanza nilimwachia tu aunuse na kulamba dawa iliyokuwa juu yake.

Sikujua, kabla ya hapo, kwamba si lazima kumfungua mdomo. Unaweza kumfunga mdomo taratibu kwa mkono mmoja na kuingiza mswaki ndani ya shavu, ukaelekeza nywele zake kwa mshazari kuelekea pale jino linapokutana na ufizi. Ulimi wake husaidia kusafisha upande wa ndani. Ugaga mwingi unakaa nje. Nusu dakika kila upande inatosha. Siku za mwanzo mswaki ulitoka na damu nikaogopa, nikamuuliza daktari. Akasema ufizi uliovimba hutoa damu, endelea kwa mkono mwepesi. Baada ya wiki tatu hivi damu ikakoma, na ule mstari mwekundu uliokuwa juu ya meno ukawa wa waridi.

Dawa ya meno ya watu usimpe mnyama kabisa. Yeye hajui kusukutua na kutema. Atameza yote, pamoja na madini ya floraidi na vitu vya kutoa povu. Na baadhi ya dawa hizo zimetiwa zailitoli, utamu ambao kwa mtu hauna neno lakini kwa mbwa hushusha sukari ya damu kwa ghafla na unaweza kuharibu ini. Kiasi kidogo tu kinatosha kumuua. Magadi nayo usimsugulie, yana chumvi nyingi mno.

Kuhusu vile vitu vya kutafuna na maji ya kinywa vinavyotangazwa kwamba husafisha meno, nilivipima kwa swali moja: nani amethibitisha? Kuna baraza la afya ya kinywa cha wanyama, VOHC, lililoanzishwa 1997, ambalo huangalia matokeo ya majaribio ya bidhaa na kuruhusu alama yake iwekwe kwenye zile zilizoonyesha kweli kwamba hupunguza ukoga au ugaga. Alama hiyo ninaitafuta. Lakini hata chenye alama nakihesabu kuwa msaidizi wa mswaki. Na ile imani kwamba chakula kikavu chochote kinasafisha meno, mimi nimeiacha: punje nyingi hupasuka zikiguswa tu na ncha ya jino, hazifiki kwenye ufizi hata kidogo. Zipo zilizotengenezwa mahsusi ziwe kubwa na zenye nyuzinyuzi ili jino lizame ndani yake, na hizo ni habari nyingine.

Sasa nizungumze juu ya Lulu, kwa sababu paka si mbwa mdogo, na nilichojifunza kwa Jabali hakikuniepusha na kosa lilelile.

Lulu alikuwa na miaka 7. Alianza kukimbilia bakuli kwa pupa kama kawaida, anatia mdomo, kisha anaruka nyuma na kutoa sauti ile ya hasira, akilitazama bakuli kana kwamba limemuuma. Baada ya dakika anarudi, anainamisha kichwa upande wa kulia, anameza bila kutafuna. Nilidhani amechoshwa na chakula. Nikabadilisha. Akala vizuri siku tatu, nikaridhika. Sikuangalia manyoya yake ya mgongoni, ambayo yalikuwa yameanza kushikamana kwa sababu alikuwa ameacha kujilamba. Paka anayeumwa kinywa huacha usafi kabla hajaacha chakula.

Usiku mmoja nilimwona amejikunja pembeni, udenda ukimtoka, akijipangusa shavu kwa mguu. Nilimwonea huruma mno. Nikaenda kwenye sanduku la dawa, nikatoa kidonge cha parasetamoli, nikakikata nusu. Kilikuwa kiganjani mwangu. Dada yangu, ambaye tulikuwa tunaishi pamoja, aliniuliza nafanya nini, na nilipomwambia akasema, "Mpigie daktari kwanza, usimpe kitu." Nikapiga. Daktari hata hakusubiri nimalize sentensi. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Sumu yake huharibu chembe nyekundu za damu zisiweze kubeba hewa, na kidonge kimoja chaweza kumuua paka mzima. Ibuprofeni nayo huwatoboa mbwa tumbo na kuwaharibu figo. Tangu usiku ule hakuna dawa ya maumivu ya watu inayomgusa mnyama wangu, hata kwa kipimo kidogo, hata kwa huruma kubwa.

Asubuhi daktari alimshika Lulu akiwa amefungwa ndani ya taulo, kichwa tu nje. Kwenye jino moja la chini, la nyuma kidogo ya chonge, kulikuwa na doa jekundu, kama ufizi umepanda juu ya jino. Aligusa doa lile kwa ncha ya pamba, kwa wepesi wa unyoya. Taya la Lulu likaanza kutetemeka, meno yakigongana kwa kasi, ta-ta-ta-ta, na macho yake yakapanuka. Sauti ile sijaisahau.

Ugonjwa huo unawapata paka wengi sana, hasa wanapozidi kuwa watu wazima. Chembe za mwili wa paka mwenyewe huanza kulimeng'enya jino, kidogo kidogo, mpaka tundu linafika kwenye neva. Si kuoza kama tunavyoozwa sisi na sukari, na sayansi bado haijakubaliana ni nini hasa kinachouwasha moto huo. Mara nyingi huanzia kwenye magego ya mbele ya taya la chini. Hakuna kuziba tundu, maana jino linaendelea kulika chini ya kijazio. Tiba ni kuliondoa. Na bila eksirei daktari anafanya kazi gizani: juu jino linaweza kuonekana zima huku mzizi umeshayeyuka na kugeuka mfupa, au kinyume chake, na njia ya kulitoa inategemea hayo. Lulu alionekana na jino moja baya. Eksirei ilionyesha matatu.

Kati ya meno yake 30 alibaki na 27. Watu huniuliza paka atakulaje bila meno. Atakula. Nimemwona paka wa rafiki yangu aliyekuwa na uvimbe mkali wa kinywa kizima, koo jekundu kama nyama mbichi, ambaye ilibidi ang'olewe karibu meno yote kwa sababu mwili wake ulikuwa unapigana na ukoga wenyewe. Baada ya miezi kadhaa alinenepa, akarudi kujilamba, manyoya yakang'aa. Si kila paka mwenye ugonjwa huo hupona kabisa kwa njia hiyo, wengine huhitaji dawa kwa muda mrefu, lakini wengi hupata nafuu kubwa. Kinywa kisicho na meno ni bora mara nyingi kuliko kinywa chenye meno yanayouma.

Lulu mswaki alinikubalia nusu. Sitaki kumdanganya mtu kwamba kila paka atafunguka kama mbwa. Kwake natumia kijiti cha pamba kilichoguswa dawa ya meno ya paka, nakipitisha kwenye ukingo wa ufizi upande wa nje, sekunde kumi upande huu, kesho kumi upande ule. Akipiga mkia, naacha. Mambo haya kwa paka hayalazimishwi. Ukimkosea mara moja atakukumbuka mwezi mzima. Kwa hiyo Lulu naye huenda kuangaliwa kila miezi sita, kwa kuwa pamba yangu haifanyi kazi yote.

Radi alikuja akiwa na miezi miwili, mtoto wa mbwa mwenye meno kama sindano. Kwake nilipata nafasi ya kuanza mapema. Watoto wa mbwa wana meno 28 ya utotoni, na kuanzia kama mwezi wa nne huanza kuyapukusa. Nilikuwa nikiyakuta zuliani, madogo kama punje za mchele. Nilikuwa namshika mdomo kila siku wakati huo, si kwa kusafisha, maana fizi zinazobadilisha meno zinauma, bali kwa kumzoesha mkono wangu. Ndiyo maana niliona, alipokaribia miezi sita, kwamba chonge yake mpya ya juu ilikuwa imetoka kando ya ile ya utotoni, na ile ya zamani imegoma kutoka. Meno mawili yamekaa mahali pa jino moja. Katikati yao manyoya na chakula vilishajikusanya. Mbwa wadogo wa umbo hupata shida hii mara nyingi, na jino la utotoni likiachwa huweza kulisukuma la kudumu likae vibaya; chonge ya chini ikipinda ndani huchoma kaakaa la juu. Daktari aliliondoa, na sasa chonge za Radi zimekaa sawasawa.

Nina mazoea sasa ambayo hayanichukui hata dakika. Kila Jumamosi nawainua midomo wote watatu kwenye mwanga wa dirisha. Naangalia rangi ya ufizi, pande zote mbili, maana ugonjwa hupenda upande mmoja. Naangalia kama kuna jino lililobadilika rangi na kuwa la zambarau au la kijivu, kwa sababu hilo mara nyingi limeshakufa ndani hata kama halijavunjika. Nanusa. Zamani nilikuwa nasema harufu ya kinywa cha mbwa ndivyo ilivyo. Sivyo. Kinywa chenye afya hakinuki vile. Natazama pia pua, kwa sababu mzizi wa chonge ya juu umetenganishwa na tundu la pua kwa mfupa mwembamba, na mbwa anayepiga chafya na kutoa kamasi upande mmoja anaweza kuwa anaumwa jino.

Jabali sasa ana miaka 13. Masikio yamezidiwa, na miguu ya nyuma hutetemeka akisimama. Jioni nikifungua droo yenye mswaki hasikii, lakini Radi husikia na kukimbia, na Jabali akimwona anakimbia huinuka na kumfuata. Anakaa ubavuni pangu, ananiinulia shavu la kushoto, lile lenye pengo, ambako hakuna tena jino la mkasi la kusugua. Naanza hapo hapo, napitisha mswaki juu ya ufizi mtupu kwa wepesi, kisha nahamia kwenye meno yaliyobaki, naye anafumba macho.